Zege chini ya daraja kwenye korongo lisilo na maji: ni kazi au ni ulaji?

Mkazi wa Bondeni

Wakuu habari za jioni.

Mtaani kwetu kuna daraja dogo lenye nguzo mbili katikati. Linavuka korongo ambalo karibu mwaka mzima unalipita na ndala bila kulowa. Maji yanayoonekana ni yale ya kuogea na kufulia kutoka nyumba za juu, yanashuka na povu lake. Masika ndiyo linageuka mto, tena mto kweli, unabeba mpaka mabati.

Wiki iliyopita wamekuja watu na kijiko. Wakazoa takataka zote chini ya daraja (limetoka godoro, limetoka jokofu, limetoka na banda la kuku zima zima). Wakachonga ardhi ikawa kama bakuli lililolala. Wakapanga mawe, wakatandika wavu wa BRC, na jana wameanza kumwaga zege. Wanamwaga huko chini kabisa, kwenye sakafu ya mto! Kama mita kumi upande wa juu wa daraja, kama kumi na tano upande wa chini, basi. Kabla ya hapo ni mchanga, baada ya hapo ni mchanga.

Barabara inayopita juu ya hilo daraja ina mashimo ambayo bodaboda wameshayapa majina. Hiyo hawajaigusa.

Nimemuuliza kijana mmoja aliyekuwa anasukuma toroli, akanijibu, "Mzee, sisi tunamwaga tu." Naomba mwenye ujuzi anieleweshe. Mto unasakafiwa ili iweje? Nani atapita huko?

Kauzu

Mto umesakafiwa ili chura wasichafuke miguu. Mkuu bado unauliza? Hiyo ni bajeti ya mwisho wa mwaka, lazima ilale mahali.

mama_chapati

Nami nilidhani wanajenga choo cha umma, nikafurahi.

Zege Halilali

Mtoa mada umeuliza swali zuri, acha nikujibu kwa kirefu. Mimi si injinia. Nimekuwa fomeni zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa makalavati na madaraja madogo kama hilo lako.

Siku ukienda ufukweni Coco, vua viatu usimame pale wimbi linaporudi. Hujasogea hata inchi, lakini utasikia mchanga unatoka chini ya visigino, na wimbi la tatu au la nne utajikuta unayumba. Nguzo ya daraja ndiyo huo mguu. Tofauti ni kwamba yenyewe haiwezi kuinua unyayo na kusimama upya.

Maji yakija kwa kasi yanagonga uso wa nguzo. Hayana pa kwenda, mengine yanapiga mbizi kwenda chini, yakifika sakafuni yanajisokota na kuizunguka nguzo pande zote mbili kama kwato ya farasi. Huko chini yanachimba. Shimo linaanzia mbele ya nguzo, kule maji yanakotokea, na linachimbika zaidi saa ile mto umejaa, ambapo hakuna mtu anaweza kuliona. Na huu ndio ubaya wake: mafuriko yakipungua, mto unarudisha mchanga na tope ndani ya lile shimo. Kesho yake unakwenda kukagua, unakuta sakafu imelala vizuri kama mkeka, unaandika ripoti kuwa kila kitu kipo sawa. Kumbe mchanga wenyewe ni wa jana, mlaini, umemwagwa tu kuziba shimo. Mvua inayofuata unaondoka ndani ya dakika chache, na shimo linaendelea pale lilipoishia.

Ongeza na hili. Daraja karibu siku zote ni jembamba kuliko mto uliojaa. Huku na huku kuna kuta na vifusi vya barabara, katikati kuna nguzo. Maji yale yale yaliyokuwa yametanda bondeni sasa yanabanwa yapite mlango mmoja, lazima yakimbie. Wahandisi wana hesabu yao moja ambayo ukiisikia utaheshimu maji: mwendo ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisukuma unaongezeka mara 64. Kwa hiyo jiwe ambalo limekaa mtoni miaka yote bila kutikisika, ukilileta chini ya daraja linaweza kuondoka.

Madaraja mengi yaliyoanguka duniani hayakuzidiwa na uzito wa malori. Yalichimbwa chini. Marekani, jimbo la New York, kulikuwa na daraja la barabara kuu kwenye mto Schoharie. Tarehe 5 Aprili 1987 mto ulijaa, msingi wa nguzo moja ukaachwa hewani, daraja likadondoka na magari, wakafa watu 10. Mawe ya kuilinda ile nguzo yalikuwepo hapo awali, mafuriko yakayazoa kidogo kidogo kwa miaka, na hakuna aliyeyarudisha. Ureno nao, tarehe 4 Machi 2001 pale Entre-os-Rios, nguzo iliachia likaondoka basi zima pamoja na magari madogo, wakafa watu 59. Kule mojawapo ya sababu ilikuwa uchimbaji wa mchanga mtoni. Hilo la mchanga likumbuke, nitalirudia.

Kwa hiyo zege lile unaloliona halimsaidii mto chochote. Mto haujaliomba. Ni sakafu ya daraja, imetandikwa ili maji yakose pa kuchimba karibu na nguzo.

Mkazi wa Bondeni

Ahsante sana mkuu, hapo nimeelewa nusu. Kwa nini basi wasiweke mawe tu yakatosha? Au majani? Kuna wakati walikuja watu wa mazingira wakapanda majani kingoni, yameshika vizuri mpaka leo.

Zege Halilali

Yameshika kingoni, kwenye jua. Nenda kaangalie chini ya daraja lolote lililo chini chini, utakuta udongo mtupu, mkavu, unang'aa. Hakuna jua, na mvua haigusi pale. Majani hayaoti kwenye kivuli cha zege. Ndiyo maana utakuta mto umesakafiwa chini ya daraja tu halafu pande zote mbili una kijani chake. Wanasakafia mahali ambapo majani yamekataa kazi.

Mawe yanafaa, sijayakataa. Ila mawe ya kukaa bila saruji yanataka yawe makubwa na tabaka nene, na chini ya daraja fupi huna urefu wa kucheza nao. Kila inchi unayopandisha sakafu, umeyaibia maji nafasi ya kupita. Zege ni jembamba na ni laini. Ulaini una maana: maji hayakwaruzwi, yanapita haraka kuliko kwenye sakafu yenye matete na mifuko ya rambo. Mlango ule ule, mteremko ule ule, zege linapitisha maji mara mbili na zaidi ya mfereji uliojaa majani. Huwezi kupanua daraja bila kulibomoa, lakini unaweza kulainisha koo lake.

Halafu usafi. Takataka zikijaa chini ya daraja, kijiko kinaingia kinazoa, na dereva anajua aishie wapi kwa sababu bakuli lake linagonga sakafu ngumu. Pasipo sakafu dereva anachimba kwa kukadiria. Nimewahi kuona kijiko kinasafisha mto kwa bidii mpaka kikafunua msingi wa nguzo. Siku ile tulirudisha kifusi usiku kucha. Jina langu humu mnadhani limetoka wapi.

dada_wa_mkondoni

Fomeni umeeleza vizuri ila kuna upande umeuruka. Nyumba ya mama yangu ipo upande wa chini wa daraja moja la namna hiyo, nyumba ya nne. Walipolisakafia walitwambia sasa mafuriko basi. Masika iliyofuata maji yalitoka pale kama yametupwa, yakala ukingo wetu, choo kikaondoka. Mwaka wa pili mnazi. Mnayapa maji kasi, mnalinda daraja lenu, halafu mnamwachia nani hiyo kasi?

Kauzu

Dada anagonga msumari. Fomeni jibu.

Zege Halilali

Pole sana dada, na ulichosema ni kweli tupu. Nilikuwa nakuja hapo.

Mtoa mada, ukitaka kujua kama hiyo ni kazi au ulaji, usiangalie katikati. Katikati kila mkandarasi anapapiga vizuri, ndipo wakubwa wanaposimama kupiga picha. Teremka mpaka zege linapoishia, upande maji yanakokwenda. Sakafu ya mtoni hufia huko.

Maji yametoka kwenye sakafu laini, yana kasi, yana hasira, yanakutana na mchanga. Yanachimba papo hapo. Pale ukingoni linatokea shimo, linakuwa kidimbwi, watoto wanaanza kuogelea. Shimo linarudi nyuma, linaingia chini ya zege. Zege linabaki linaning'inia, siku moja linakatika kipande. Msimu mwingine kipande kingine. Linapanda hivyo hivyo mpaka linaifikia nguzo, na sasa mko pabaya kuliko mwanzo, kwa sababu watu wote wanaamini pana sakafu.

Dawa yake ni vitu viwili. Kwanza, mwisho wa zege lazima pawe na ukuta unaozama ardhini, mita moja au zaidi kutegemea mto, ili maji yakichimba yakutane nao. Pili, baada ya huo ukuta yafuate mawe makubwa au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), ya kuyakwaruza maji yapunguze mwendo kabla hayajafika kwa mama yako dada. Na hayo mawe ya mwisho yasipigwe saruji! Yanatakiwa yawe huru, maji yakichimba yaporomoke yenyewe yazibe shimo. Ukiyapiga saruji umeongeza tu urefu wa sakafu, na shimo umelihamisha.

Angalia pia kama wameacha matundu kwenye zege, ya mabomba madogo. Mvua ikikatika mto unashuka haraka lakini maji ya ardhini bado yapo juu. Yakikosa pa kutokea yanainua sakafu kutoka chini kama mfuniko wa sufuria.

Kwa mama yako dada, nadhani walifanya katikati wakasahau mwisho. Mwisho haupigwi picha.

Mbeba Boksi

Salamu kutoka Los Angeles. Naona mnazungumzia jirani yangu.

Huku kuna mto mzima umesakafiwa, mmeuona kwenye muvi, yale magari yanakimbizana kwenye bonde la zege chini ya madaraja na maji kidogo katikati. Ndiyo Los Angeles River wenyewe, si mtaro. Mimi napita juu yake kila siku kwenda kazini. Mwaka mzima una kamfereji katikati kanatiririka, na pembeni ni uwanja wa zege unaoweza kupigia mpira. Mgeni yeyote anauliza swali lile lile la mtoa mada.

Mto wenyewe una urefu wa kilomita 82 hivi, na unashuka karibu mita 240 kutoka unapoanzia hadi baharini. Ni mteremko mkali, na milima iko karibu. Zamani ulikuwa unahamahama, masika moja unapita huku, nyingine kule. Mwanzoni mwa Machi 1938 ulijaa, ukaua watu zaidi ya 100 na kung'oa madaraja. Baada ya hapo kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kikaupiga zege, kazi ikaisha kama mwaka 1960. Walitaka maji yatoke mjini haraka iwezekanavyo, na kweli mji umekaa.

Lakini kuna sehemu zege lilishindwa. Pale wanapoita Glendale Narrows mto unapita kwenye shingo ya milima na maji ya ardhini yako juu mno, sakafu isingekaa. Ni kile alichosema fomeni cha mfuniko wa sufuria. Wakasakafia kingo tu, chini wakaacha mchanga na mawe. Sasa nendeni mkaone: miti, ndege, watu wanavua samaki, na pembeni treni. Hatua chache tu baadaye zege linaanza tena na kila kitu kinakufa.

Siku hizi wanataka kuurudisha kuwa mto, kuna mpango wa kilomita 18 hivi kuelekea katikati ya mji. Watu hawakumbuki tena mwaka 1938, wanakumbuka tu kuwa zege ni baya. Mvua ikinyesha lakini zima moto wana vikosi maalumu vya kuokoa watu humo, maana ukiteleza kwenye kile kingo cha zege hakuna cha kushika. Hakuna mzizi, hakuna jiwe.

dada_wa_mkondoni

Hapo kwa kushika umenikumbusha. Mwaka ule choo kilipoondoka kaka yangu aliingia kutoa mbuzi, kilichomwokoa ni mzizi wa mwembe. Angekuwa juu kidogo kwenye zege tungekuwa tunasoma hitma.

Mtu wa Hananasif

Tusichanganye mambo mawili wakuu. Kusakafia chini ya daraja ni kiraka. Kusakafia mto mzima ni uamuzi mwingine, gharama nyingine na madhara mengine, maana unapeleka mafuriko yote kwa wa chini kwa wakati mmoja.

Hapa Dar tunazo njia zote mbili. Mto Ng'ombe unaopita Tandale ulijengewa chini ya mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam (DMDP) kwa sababu nyumba zimeukaba huku na huku, huna pa kuupanua. Jangwani ni hadithi tofauti. Pale bonde la Msimbazi lilikuwa pana tangu zamani, ni sisi tuliojaza. Desemba 2011 watu walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na hata baada ya hapo barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa mvua kubwa zikinyesha. Mradi wa bonde la Msimbazi, ule ambao Benki ya Dunia iliupitisha 2022, hausakafii. Unachimba mto, unainua ardhi ya pembeni, unaweka bustani, na unajenga daraja refu na la juu ili maji yapite yakiwa yametanda. Daraja likiwa refu maji hayabanwi, na mahitaji ya sakafu yanapungua.

Kwa hiyo ukiona zege jingi chini ya daraja, mara nyingi maana yake daraja ni fupi kuliko mto wake.

Zege Halilali

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika kwenye daftari.

Kauzu

Kwa hiyo ni ulaji au si ulaji? Mnazunguka tu.

Mkazi wa Bondeni

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilivaa buti za mvua nikateremka na kipande cha nondo.

Katikati ni kama alivyosema fomeni, zege limepigwa vizuri, limesuguliwa mpaka linateleza. Kwenye nguzo hawajaliunganisha, wameacha ufa wa kama upana wa kidole wakaujaza lami. Matundu yapo, nimehesabu kumi na mawili, mawili yameshazibwa na vifuniko vya chupa.

Nikaenda mwisho wa upande wa chini. Nilikuta mtaro umechimbwa kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo, bado haujamwagwa zege. Nikaingia. Ulinifika kifuani, na mimi si mfupi. Ndani yake nondo zimeshafungwa. Nilipochoma ile nondo yangu chini ya mtaro ilizama kiganja kimoja ikagonga udongo mgumu, mwekundu, si mchanga tena. Msimamizi akaniona, nikajua nitafukuzwa, badala yake akaja akanionyesha waya za gabioni zilizokunjwa pembeni na kusema mawe yanakuja Jumatatu. Nikamuuliza barabara je? Akasema hiyo ni fungu lingine, aulizwe mwingine. Kauzu, hapo kwenye fungu lingine unaweza kuendelea na hoja yako.

Sasa kuna jambo moja. Nikiwa mle mtaroni nikasikia machepe. Chini kidogo, kwenye kona, kuna vijana sita na maguta mawili wanachimba mchanga. Wamekata ukingo wima, wamesimama ndani ya shimo lililowafika mabegani. Nikawaendea. Nikawaambia daraja hili linajengwa, mkichimba hapa mtalimaliza. Mkubwa wao akacheka, akasema, "Mzee mchanga huu hauishi, mvua inaleta mwingine." Halafu akanitazama vizuri akaongeza, "Si ndiyo wewe tulikuletea maguta manane ulipokuwa unapiga lipu?"

Ni mimi.

mama_chapati

Jamani!

Zege Halilali

Ndiyo lile nililosema nitalirudia. Mvua inaleta mwingine kweli, lakini unatoka wapi? Shimo lao likiwa chini, mto unajisawazisha kwa kula kuelekea juu. Mchanga utakaojaza shimo la vijana ni ule uliopo mbele ya gabioni zenu, kisha ule wa chini ya gabioni. Ukuta wa kimo cha kifua ni mzuri, ila umepimwa kwa sakafu ya mto ilivyo leo. Mto wote ukishuka kimo cha kifua, ukuta umeisha.

Kutoka mwisho wa mtaro mpaka kwenye shimo lao ni umbali gani?

Mkazi wa Bondeni

Sikupima. Nilirudi kwa miguu nikihesabu, hatua arobaini na moja.

Zege Halilali

Iandike mahali. Mvua ya kwanza ikipita, maji yakishuka, nenda ukahesabu tena.